Likizo ya Mzamiaji

Watu wa gatini walimwita Fuko, na jina lenyewe hakulichukia. Fuko hana macho ya maana. Njia yake anaijua kwa pua na viganja, na kazi yake haionekani mpaka udongo ututumke juu. Naye alikuwa vivyo hivyo, ila yeye alifanya kazi ndani ya maji. Alikuwa mzamiaji katika meli ya kuchimba mto.

Hiyo meli usiifikirie kuwa ya abiria. Lilikuwa dude pana, bapa kama meza, lenye injini tumboni. Mbele lilishusha bomba nene mpaka chini ya mto, likanyonya tope na mchanga, na nyuma bomba jingine likatapika uchafu huo mbali, ng'ambo ya ukingo. Wafanyakazi waliliita Mlafi, kwa kuwa lilikula mchana kutwa na kesho yake likaamka na njaa.

Tatizo la Mlafi ni kwamba hakuchagua chakula. Akikuta gurudumu la lori anabugia, akikuta bati anabugia, na siku moja alibugia kitanda cha chuma kizima, ambacho mtu fulani alikuwa amekitupa mtoni pengine ili mkewe asikione. Hapo mdomo wa bomba uliziba, injini ikakoroma, nahodha akaizima, na watu wote wakageuza shingo kumtafuta Fuko. Alivaa kofia ya kuzamia yenye mpira wa kuletewa hewa kutoka kwenye pampu, akajifunga kiunoni mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi ili asielee, akashuka ngazi hadi maji yakamfunika. Taa hakubeba. Kwenye tope la namna ile taa ni mapambo tu. Alifanya kila kitu kwa kupapasa.

Kamba yake ilishikwa na mzee mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuzimika. Ikivutwa mara moja alijua mambo ni salama, mara mbili alegeze, mara tatu apandishe mtu haraka. Fuko akiwa chini, Redio aliendelea kusimulia huku juu kana kwamba mwenzake anamsikia, na Fuko alipotoa kichwa majini akakuta hadithi imefika katikati, alisema tu, "Ikawaje?" Wakasikilizana hivyo miaka mingi. Sikio la kushoto la Fuko lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya maji, na alikuwa na busara ya kukaa Redio akiwa upande huo.

Nyumbani alikuwa na mke na binti wawili wa shule. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na sare za wanafunzi wa mtaa mzima zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta huu hadi ule, hata mgeni akitaka kuketi ilimbidi apite katikati ya mikono na miguu isiyo na watu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yaliyokatwa kwa mkasi. Kuhusu kazi ya mumewe alikuwa na kanuni moja: asisimuliwe. "Ukirudi nimekuona," alisema, "hayo mengine baki nayo hukohuko."

Ila kwao hasa Fuko hakukuwa pale mjini. Kwao kulikuwa juu sana mtoni, safari ya basi ya kutwa, mahali ambapo maji yanateremka juu ya mawe yakipiga kelele kama soko. Mama yake alifariki yeye akiwa hajui hata kufunga vifungo vya shati, na aliyemlea ni dada yake, ambaye wakati huo mwenyewe alikuwa msichana wa kuvaa nguo za kurithi. Dada alimlea kwa samaki. Kila masika yalipoanza, kundi kubwa la samaki lilipanda kutoka huko chini, karibu na baharini, likaja kutaga kwenye changarawe za pale juu. Watu wa kwao waliwaita wapandaji. Walikuwa wanene, wenye midomo minene ya kukwangulia mawe, na walipokuja walikuja kama watu waliochelewa arusi. Dada aliwanunua kwa wavuvi, akawapasua, akawakausha kwa moshi juu ya chanja, akawauza hadi masika mengine. Mdogo wake akiwa bado mtoto alimsimamisha kwenye maji ya kina kifupi, akamshika mikono yote miwili, samaki wakawa wanamgonga miguuni wakipita. Mtoto alilia siku ya kwanza. Dada alimwambia atulie, wenyewe wana safari yao, hawana habari naye.

Mtoto alipokua alishuka mjini kutafuta kazi, akajifunza kuzamia bandarini, akaajiriwa kwa Mlafi. Dada alipouliza kazi gani, alijibu kwamba anafanya kazi ya maji. Dada akaelewa kuwa anatengeneza mabomba, na kwa muda mrefu aliwatambia majirani zake kwamba mji ule wote, mnaousikia, unakunywa kwa mkono wa mdogo wake. Fuko alipopata habari hizo alicheka, akasema atamsahihisha siku atakayokwenda. Akaenda mara kadhaa, hakumsahihisha. Mtu akikusifu mbele za watu si rahisi kumkatiza.

Sasa mwaka ule, wenye mji walikuwa wameamua kwamba matishari ya mizigo yafike hadi darajani. Zamani yalikwama huko chini kwa sababu mto ulikuwa na kina kifupi, saruji na nafaka zikapakuliwa kwenye malori, na bei ikapanda pamoja na malori. Basi Mlafi aliletwa aongeze kina. Wakati wa kiangazi alianza huko chini, akapanda polepole, na masika yalipofika alikuwa katika sehemu nyembamba chini ya daraja, ambako mto umebanwa na kuta za mawe huku na huku. Nahodha alipenda masika kwa sababu maji yakijaa dude lile linaelea vizuri, halikwaruzi tumbo. Tope lililotibuliwa lilitanda kutoka ukuta hadi ukuta, zito kama uji, na juu ya daraja watu waliosimama kutazama walisema mto umegeuka kuwa barabara.

Asubuhi moja mdomo uliziba kwa mizizi. Fuko akashuka. Alikuta mzizi umejisokota ndani ya bomba, akaukata kwa msumeno wa mkono vipande vipande, akauvuta nje. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa kutafuta ngazi, akakosea, akajikuta ameteremka na mkondo hadi pale tope linapoanza kuwa jepesi. Hapo ndipo alipogusa kitu kilichokuwa hai.

Alidhani ni kimoja. Akanyoosha mkono, akagusa kingine, na kingine. Akanyoosha mkono wa pili, huko nako vilikuwepo. Alikuwa amesimama katikati ya samaki wengi kupita alivyoweza kupapasa, bega kwa bega, wote vichwa vimeelekea juu, na hawaendi. Walikuwa wanapiga mikia kiasi cha kutosogezwa nyuma na maji, basi. Mmoja alijibana kwapani pake kama mtoto anayekwepa mvua. Fuko alipitisha kidole kwenye mdomo wake, akakuta ni mnene, mgumu kama gome. Akawatambua.

Alikaa pale bila kutikisika. Redio alivuta kamba mara moja kumwuliza, naye akajibu mara moja kwamba yuko salama, ingawa hakuwa na hakika kama hilo ndilo neno. Hakuwahi kufikiri kwamba wale samaki wa kwao na kazi yake ya mjini ni mambo yanayoweza kukutana. Siku zote kwake yalikuwa vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Alipopanda juu Redio alikuwa amefika mahali pazuri pa hadithi ya shemeji yake na mbuzi, na Fuko hakuuliza ikawaje. Injini ikawashwa.

Haikupita wiki, dada yake akaja.

Hakutoa taarifa. Fuko alirudi kazini jioni akamkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi na tenga la samaki mbele yake, mkewe amesimama kando ameweka sindano mdomoni, na binti zake wamechuchumaa wakitazama. Dada alieleza kwamba mvua zilikuwa zimenyesha huko juu hata zikachosha, maji yamejaa, chanja ziko tayari, kuni zimekaushwa, na samaki hawajatokea. Wavuvi waliingia na nyavu wakatoka na majani. Yeye akaona asikae kupigwa na ukungu. Akashuka mjini anunue chochote akabanike. Na sokoni alishangaa. Wapandaji walikuwa wamejaa meza hadi meza, bei ya kutupa. Alimwuliza mwuzaji wamewapata wapi, akaambiwa ni hapo tu, chini ya daraja, wamerundikana, watu wanawachota hata kwa ndoo.

Alisema hayo yote bila kupandisha sauti, huku anapasua. Kisha akamgeuzia Fuko samaki mmoja aliyefunguliwa tumbo. Mayai yalikuwa yamejaa mpaka yanamwagika.

"Huyu hajataga," alisema. "Na huyu. Wote hawa. Hapo chini ya daraja kuna nini?"

Mkewe alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akawaambia watoto wakacheze nje. Fuko aliketi sakafuni, upande ambao sikio lake zima lingemwelekea dada, akamweleza. Alimweleza Mlafi ni nini, anakula nini, anatapika nini, na yeye mwenyewe anaingia wapi katika habari hiyo. Akaeleza matishari na saruji na bei za malori. Hakuacha kitu. Lakini habari ya kusimama katikati ya samaki hakuitoa.

Dada alimaliza samaki aliyekuwa naye, akamwosha, akamweka juu ya wenzake.

"Kumbe ndiyo kazi ya maji," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Nami nimewaambia watu unawanywesha." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Mkewe Fuko naye akacheka, maana wifi akicheka ni nafuu kwa kila mtu. Halafu dada akasema saruji ikishuka bei ni jambo jema, hata yeye sakafu yake ni vumbi tupu. Hakulaumu, na hakuomba kitu. Walikula, wakazungumza mambo ya watoto na ya jirani mmoja wa huko juu aliyeoa kwa mara ya tatu mke yuleyule. Asubuhi Fuko alimsindikiza stendi na tenga lake. Basi lilipokuwa linawasha moto, dada alimwinamia dirishani, akamwambia kwa upande wa sikio lake zuri: "Mimi samaki nitanunua kwingine, usinifikirie. Ila hao wakifa na mayai tumboni, mwaka kesho hata huku kwenu hakutakuwa na wa kuchota."

Siku zilizofuata Fuko alifanya kazi yake kama kawaida, lakini chakula kilikuwa kinabaki. Mkewe alitazama sahani mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu alizima cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakulifanya hata siku paa lilipovuja.

Hapo Fuko alivunja kanuni ya nyumba, akamsimulia. Alisimulia vichwa vyote vilivyoelekea juu na yule aliyejibana kwapani. Akasema ameshazungumza na nahodha, na nahodha analijua jambo hilo kuliko yeye: mtaalamu wa samaki kutoka ofisi ya maji alikwisha kuja, mama mwenye miwani, akapima tope, akaonyesha jinsi linavyoziba matamvua ya samaki mpaka wanashindwa kupumua, akaomba kazi isimame hadi wapandaji wapite. Wakubwa walimsikiliza vizuri, wakampa chai, wakasema jambo lake litazingatiwa. Tarehe ya kumaliza ilikuwa imekwisha kutangazwa. Nahodha mwenyewe hana kauli, anaamriwa.

"Na wewe ukiacha kazi?"

"Wataleta mwingine. Na sisi tutakula sare."

Mkewe aliikunja sare aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaikunja tena.

"Tangu tuoane," alisema, "hujachukua likizo hata moja. Kila mwaka wanakuambia ngoja kazi iishe. Kazi imewahi kuisha?"

Fuko alimtazama.

"Mimi nasema tu unahitaji kupumzika," mkewe aliongeza, akawasha cherehani.

Nahodha alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefanyia kazi kwenye kijichumba cha mabati juu ya Mlafi, na humo kila kitu kilitetemeka kutwa: vikombe, kalamu, hata mashavu yake. Fuko aliingia amevua kofia. Nahodha alipoona ombi aliuliza kama kuna mgonjwa. Hakuna. Kuna msiba? Hakuna, mkuu, ni kuchoka tu, na haki yangu ya likizo ipo ya miaka yote. Nahodha alikiri kwamba ipo. Alisogeza kikombe kisianguke, akatazama mto kupitia dirishani.

"Bomba likiziba?"

"Litaziba tu, mkuu."

"Na mzamiaji mwingine hatuna."

"Hamna."

Nahodha aliuliza anakwenda likizo wapi, akajibiwa kwa dada yake, juu mtoni. Akauliza dada huyo anafanya shughuli gani, akajibiwa anabanika samaki. Nahodha hakuuliza tena. Alitia saini polepole, kama mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza, na alipomrudishia karatasi alisema, "Msalimie sana dada. Na upumzike kweli. Usirudi kabla ya siku zako kuisha, nitakurudisha."

Fuko alipanda basi kesho yake. Redio alimsindikiza kwa maneno hadi mlangoni pa basi, na basi lilipoondoka alikuwa bado hajafika mwisho.

Huko kwa dada alilala. Hakujua kwamba mwili unaweza kudai usingizi wa miaka. Aliamka, akala, akatengeneza chanja zilizolegea, tena akazitengeneza vibaya hadi dada akazifungua na kuzifunga upya bila kusema neno, akalala tena. Samaki hawakuwepo. Mto uliteremka na kelele zake, mweupe kwenye mawe, na hakuna kilichopanda.

Redio alipiga simu kila jioni. Siku ya pili tu alileta habari kwamba Mlafi amemeza kisiki cha mti mzima na amekabwa, injini imezimwa. Wakubwa wamekasirika. Wamepiga simu bandarini, wazamiaji wa huko wote wako chini ya meli kubwa iliyopasuka usukani, hawatoki karibuni. Jioni nyingine: amepatikana mmoja, amekuja na vifaa vyake safi, akasimama kwenye ngazi, akatazama maji, akasema ana mafua, akaondoka. Jioni nyingine: nahodha ameulizwa kwa nini alimpa mtu likizo wakati kama huu, naye akajibu kwamba sheria ya kazi haijui masika. Redio alisema alikuwa nyuma ya mlango, alisikia kwa masikio yake. Halafu, katikati ya habari nyingine ndefu kuhusu shemeji yake, akasema kana kwamba si kitu, "Maji hapa yameanza kutakata. Leo nimeuona mdomo wa bomba kutoka juu."

Siku hiyo, wakiwa wameketi mbele ya jiko, dada alimwuliza huko chini ya maji kukoje. Hakuwahi kumwuliza. Fuko akamwambia kuna giza, lakini si la kutisha, ni kama kuwa ndani ya blanketi. Akamwambia jinsi chuma kinavyojulikana kwa baridi yake na mti kwa utelezi. Na hatimaye akamwambia habari za samaki.

"Walikuwa wananisubiri mimi niwapishe," alisema. "Wamenizunguka, hawana hasira. Na mimi nikapanda juu, injini ikawashwa."

Dada alichochea moto. "Ungefanyaje?"

"Sijui."

"Basi umefanya ulilolijua baadaye," dada alisema. "Wengi hata hilo hawafanyi. Kesho uniletee kuni, lakini si zile mbichi ulizoleta jana."

Wapandaji walifika adhuhuri moja mvua ikinyesha na jua likiwaka. Aliyewaona kwanza ni mwanamke aliyekuwa anafua. Alipiga yowe moja, akaacha nguo zikichukuliwa na maji. Watu wakatoka. Fuko alisimama ukingoni na dada yake, wakatazama migongo inayong'aa ikijitupa juu ya mawe, ikirudi nyuma, ikijitupa tena. Hawakuwa wale wa zamani, wale wa kujaza mto. Walikuja kwa mafungu, fungu halafu nafasi, fungu halafu nafasi, na wengine walikuwa wamechubuka. Dada alikuwa anahesabu kwa midomo, akaacha.

"Ni wachache," Fuko alisema.

"Ni wachache," dada aliitikia. "Lakini wamefika."

Wabanikaji wa pale walikubaliana kwamba wasiguswe kwanza mpaka watage, na wavuvi wakaridhia kwa kunung'unika. Jirani mmoja aliingia kwa siri na ndoo, akaonekana, akasema alikuwa anachota maji. Dada alimwomba aonyeshe hayo maji. Walicheka hadi mwenye ndoo naye akacheka, akawarudisha samaki mtoni.

Likizo ilipoisha Fuko alirudi mjini. Kisiki kilikuwa palepale. Mlafi amelala kimya, watu wamekaa kwenye kivuli wakicheza karata, na maji chini ya daraja yalikuwa safi kiasi cha kuona mawe ya ukingoni. Hakuna aliyemfokea. Nahodha alimkaribisha, akamwuliza dada hajambo, kisha akamwonyesha bomba kwa kidevu. Fuko alivaa, akashuka, akapapasa pale aliposimama mara ile. Palikuwa na maji matupu na samaki wachache waliochelewa. Akawasubiri kidogo wapite. Halafu akakishika kisiki, akakata, akakitoa, akavuta kamba, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na matishari yalikuwa yanasubiriwa na watu wenye shida za kweli. Injini ilipowashwa moyo ulimuuma, lakini si kama kwanza.

Mwaka uliofuata nahodha alipeleka pendekezo lake mwenyewe: Mlafi apandishwe nchi kavu kila masika yaanzapo, afanyiwe matengenezo, kwani mwaka uliopita alisimama wakati huohuo na baadaye akafanya kazi vizuri zaidi. Wakubwa walipenda neno matengenezo kuliko walivyopenda neno samaki. Yule mama wa ofisi ya maji alikubali chochote watakachokiita, alimradi dude liwe nje ya maji, na akafanikiwa pia kuwashawishi waache ukingo mmoja bila kuchimbwa, ili samaki wadogo wanaoteremka kiangazi wapate mahali pa maji tulivu pa kupumzikia. Mahali pengine palikuwa pamekwisha kuchimbwa, na huko mkondo unakimbia mno hadi leo, wadogo wengi wanachukuliwa.

Wapandaji wanapanda. Kuna miaka dada anajaza chanja mbili, kuna miaka moja haijai, na kujaza zote kama zamani hakujawahi kutokea tena. Matishari nayo yanafika darajani. Dada alinunua saruji, akasakafia nyumba yake, na kila mgeni akisifu sakafu huambiwa imeletwa na mdogo wake anayechimba mto. Wapo majirani waliomjia juu kwa hilo, wakamwambia huyo ndiye aliyewafukarisha. Dada huwajibu kwamba ndiye, na ndiye pia aliyewapisha samaki, na anayetaka kugombana naye aje masika, atamkuta yuko likizo.

Fuko mwenyewe siku hizi hazamii. Sikio la pili lilianza kulalamika, mkewe akasema sasa basi, na Redio alipostaafu yeye akapewa kamba. Chini huenda mama mmoja wa makamo aliyetoka bandarini, hodari, mwenye haraka. Juzi alimshitaki kwa nahodha. Alisema kazi anaipenda na kamba inashikwa vizuri, ila huyo mtu wa juu ni kimya mno. Ukitoa kichwa majini hujui kama bado yupo au amekwenda kula.